Rundo la Picha kwa Macho ya Magokoro

Tangu nistaafu, Moraa amenikalisha chini mara kadhaa akitaka niandike mambo ya studio kabla sijayasahau. Nilimwambia mimi sisahau kitu. Akaniuliza miwani yangu iko wapi. Ilikuwa kichwani. Basi naandika.

Nawaandikia ninyi mnaokalia viti vyetu pale ghorofani mjini Kisii: Moraa unayehariri, Ontiri unayepiga, na yeyote atakayekuja baadaye akaambiwa, "Chukua kompyuta ile ya kona, ina kelele lakini haiumi." Sitaandika nani alipanda cheo. Katika studio ya vyumba viwili, cheo cha juu kabisa ni kukaa mbali na lile dirisha lisilofunga, mvua ya mchana inapoanza. Mshahara mnaujua. Nitaandika kazi yenyewe, kwa sababu, wenzangu, niliifurahia kupita kiasi. Kuna siku nilicheka mpaka nikashikilia meza.

Nilifika kwa Mzee Makori, mwenye studio, nikiwa msichana aliyemaliza shule juzijuzi. Baba yangu aliuza vitambaa mjini, mama yangu alikuwa Mgusii wa upande wa Nyamira. Nyumbani tulizungumza Kiswahili tukila na Ekegusii tukigombana, kwa hiyo nilizijua lugha zote mbili vizuri. Nilidhani Mzee Makori atanionyesha mashine siku ile ya kwanza. Hakunionyesha hata swichi.

"Rukia," akasema, "enda Daraja Mbili uangalie ndizi."

"Ninunue ngapi, Mzee?"

"Sijasema kununua. Nimesema kuangalia."

Nikashuka mpaka sokoni, nikaziangalia ndizi, nikarudi.

"Ziko rangi gani?"

"Kijani."

"Zote?"

"Zote, Mzee."

"Rudi."

Mara ya pili nilisimama kati ya akina mama wa ndizi mpaka mmoja wao akaniuliza kama nimepotelewa na mtu. Hapo ndipo nilipoona. Mikungu iliyokuwa chini ya mwavuli mwekundu ilikuwa na rangi ya udongo. Ile iliyofunikwa kwa turubai la samawati ilikuwa kama chuma. Iliyokuwa juani ndiyo iliyokuwa kijani kweli, tena kijani cha kuumiza macho. Ndizi ni zilezile, zimetoka shamba moja, zimeshuka kwenye lori moja. Nilipanda ngazi mbio kwenda kumwambia Mzee Makori, nikaeleza huku nikihema, mikono hewani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa aproni.

"Sasa umeandikwa kazi," akasema.

Miaka ile kazi ilikuwa ya filamu na chumba cha giza. Filamu moja ilikuwa na picha thelathini na sita, na Mzee Makori alizihesabu kama watoto. Mpiga picha aliyerudi na picha mbili zinazofanana aliulizwa kama shangazi yake ana kiwanda cha filamu. Harusi nzima, kuanzia bibi arusi kutoka kwao mpaka keki, iliingia kwenye bahasha moja.

Kisha ikaja kamera ya dijitali. Iliingia studio ndani ya kikapu, chini ya fungu la managu, kwa sababu Mzee Makori aliogopa kuibiwa stendi. Akaitoa, akaifuta unyevu wa mboga, akakisoma kitabu chake chote. Kisha mtu yule yule aliyetubania filamu akaenda nje akampiga picha ng'ombe wa jirani akitafuna, tangu anaanza mpaka anameza. Picha zote zile za ng'ombe mmoja! Akarudi anacheka kama mtu aliyeingia sinema bila tikiti.

"Haiishi, Rukia! Unabonyeza, na haiishi!"

Ni kweli, haikuisha. Na hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, kwa maana kila alichobonyeza yeye ilibidi mimi nikitazame.

Somo kubwa la kwanza tulilipata Nyamache, kwenye harusi iliyofanyika nusu ndani ya hema na nusu nje. Hema lilikuwa la kijani. Jua lilipopenya lile turubai, kila aliyekaa ndani akageuka kijani: mchungaji, wapambe, hata wali. Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani na mwanangu Swaleh aliyekuwa mgonjwa, kwa hiyo Mzee Makori alihariri mwenyewe. Aliichukua picha moja ya katikati ya hema, penye ukijani hafifu, akaongeza wekundu mpaka nyuso zikarudi kuwa za watu. Akafurahi. Kompyuta ikamuuliza kama anataka kufanya hivyo hivyo kwa picha zote. Akasema ndiyo, kwa moyo mkunjufu.

Wiki iliyofuata baba wa bwana arusi alipanda ngazi zetu na albamu kwapani. Alikuwa mzee mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu.

"Mimi sina ugomvi," akasema. "Nataka tu kuelewa. Hapa ndani mimi ni sawa. Hapa nje mimi na bibi yangu ni wekundu kama nyanya. Na hapa mlangoni, turubai liliponigusa, mimi nusu ni nyekundu na nusu ni kijani."

Mzee Makori akakohoa. "Ni mwanga, Tata." Tata ndilo neno la heshima kwa mwanamume katika Ekegusii.

"Naona ni mwanga. Halafu ona hii. Mimi kijani, bibi nyekundu, mchungaji na kanzu nyeupe, na suti nyeusi ya kijana wangu katikati." Akainua macho. "Mmetupiga ama mmetupandisha kama bendera ya Kenya?"

Nilijaribu kujizuia. Nilimtazama Mzee Makori, naye alikuwa anajaribu kujizuia, na hapo tukashindwa wote wawili. Baba wa bwana arusi akatutazama, mabega yake yakaanza kutikisika, na mwisho tulikuwa watu wazima watatu tumelalia kaunta tukifuta machozi. Tulimtengenezea albamu nyingine. Ile ya kwanza alikataa kuirudisha. Alisema wageni wanaipenda zaidi.

Tangu siku hiyo nilifanya kazi kwa utaratibu mmoja, na nauweka hapa kwa sababu mnapenda kuuruka.

Kwanza, kabla ya chochote, nakili memori kadi mahali pawili. Usitazame hata picha moja. Kunywa chai wakati inanakili, kwa sababu ukianza kutazama utaanza kutengeneza, na ukianza kutengeneza utasahau kunakili.

Kisha ufanye mchujo. Mchujo ni kutupa tu. Mkono mmoja kwenye kibodi, kidole kimoja kwa picha inayobaki, kingine kwa inayoondoka, na macho yasikae. Aliyefumba macho, aondoke. Kiwiko cha mtu kisichojulikana, kiondoke. Ukijikuta umesimama unajiuliza, "Lakini hii ikipunguzwa mwanga kidogo...," umekwama, endelea mbele. Sisi hapa tumezoea mchujo wa vyama vya siasa, wenye rufaa na mawe. Wetu ni wa kimya na unaisha kabla ya chai kupoa.

Halafu panga picha kwa mwanga, usizipange kwa saa. Za ndani ya hema pamoja, za juani pamoja, za kivulini pamoja, hata kama za asubuhi zimechanganyika na za jioni. Katika kila kundi chagua uso mmoja, utengeneze vizuri mpaka umwone mtu anapumua, ndipo unakili mpangilio huo kwa kundi lake lote. Kundi lake, nasema. Nyamache mnaijua sasa.

Na nyuso za watu msizifanye nyeupe. Shangazi fulani wa bibi arusi aliwahi kuninong'oneza, "Mama Swaleh, mfungue rangi kidogo, hata sisi sote utufungue." Nilimfungua kidogo, nikamwita mama wa bibi arusi aitazame picha. Mama akaitazama skrini akauliza, "Na huyu mgeni ni nani?" Shangazi akasema turudishe.

Mzee Makori alipokwenda kupumzika shambani kwake, studio ikabaki kwa binti yake, na mimi nikabaki na kompyuta. Ndipo akaja Ontiri na kamera mpya inayopiga mfululizo kama cherehani. Ontiri, nakupenda kama mdogo wangu, lakini bibi arusi mmoja akipiga chafya hahitaji picha zote zile. Baadaye akaja Moraa. Na katikati ya miaka hiyo ndipo ilipokuja kazi ya Gesima, ambayo Ontiri anaisimulia vibaya kila mara, kwa hiyo acheni niisimulie mimi.

Ilikuwa katikati ya Krismasi na mwaka mpya. Mwalimu Nyaboke, mama mmoja anayefundisha shule ya msingi kule Nyamira, aliingia studio asubuhi akaketi bila kukaribishwa. Mama yake mzazi, aitwaye Kwamboka, alikuwa anaishi Gesima kwenye majani chai, na watoto na wajukuu wote walikuwa wamekusanyika huko kutoka Nairobi, Mombasa na ng'ambo. Kila mtu alimwita Magokoro, yaani bibi mzaa mama au mzaa baba.

"Mama haoni," Mwalimu Nyaboke akasema. "Daktari alisema ni ugonjwa wa nyuma ya jicho, miwani haisaidii. Katikati kumefungwa, anaona kidogo pembeni. Lakini hataki mtu ajue. Kila mjukuu akikuja anamwita 'mwanangu, mwanangu,' na watu wanafikiri ni upendo."

"Si ni upendo?"

"Ni upendo, na ni ujanja." Akatabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Sasa jana imeharibika. Mjukuu wake Dennis amekuja na bibi yake mpya, Wanjiru. Mama akamshika mikono, akamwita jina la msichana wa dada yangu, akamuuliza masomo yanaendaje. Wanjiru akacheka, akasema, 'Mimi si huyo, mimi ni wa Dennis.' Mama akaachilia mikono yake, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hajatoka hata kula. Na yule msichana analia jikoni. Anafikiri amekataliwa kwa sababu yeye si Mgusii."

"Mmemweleza?"

"Nani atamweleza, na mama amekataza? Mama Swaleh, nisikilize. Pigeni kila mtu picha leo. Utengeneze kwa njia mama anaweza ona. Sijui ni njia gani, wewe ndiye unajua. Lakini iwe leo, kwa sababu kesho asubuhi wanatawanyika."

Ningeweza kumwambia sijui. Sikujua kweli. Lakini nilikuwa tayari nachomoa nyaya za kompyuta, nikizungusha waya mkononi, na moyo unanidunda kama msichana anayekwenda kucheza dansi. Picha za kutengenezwa kwa ajili ya macho ya mtu mmoja! Nani aliwahi kunipa kazi kama hiyo?

Tulifika Gesima ukungu ukiwa bado juu ya majani chai. Ontiri akaanza kuwapiga watu pale pale nje, mmoja mmoja, uso tu. Nilimwambia apige watu kila mahali walipo, asimsumbue mtu. Mimi nikaweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cha kufuma, chini ya picha ya marehemu babu.

Mwalimu Nyaboke akaenda kugonga mlango wa chumbani. Tukasikia sauti kali kutoka ndani.

"Yaya!" Katika Ekegusii hilo ni "hapana," na yeye alilisema likatosha mara tatu. "Macho yangu ni mazuri. Ni hii dunia imejaa moshi."

Nikamjibu kwa Ekegusii kupitia mlangoni, nikamsalimu, nikamwambia mimi ni binti wa Nyamira, mama yangu alikuwa wa huko, na nina mashine ambayo sijui kuitumia vizuri bila mtu mzima wa kunisaidia. Kisha kitasa kikageuka. Akatoka mwanamke mfupi aliyejifunga leso, kichwa ameinua kama mtu anayesikiliza redio.

"Mashine gani hiyo haujui?"

Nikamketisha karibu nami. Nikaleta picha ya kwanza niliyoitengeneza kama ninavyowatengenezea maharusi: laini, yenye mwanga mororo, nyuma kumefifia vizuri. Nilijivunia picha ile.

"Unaona nini, Magokoro?"

"Ukungu," akasema. "Ukungu niko nayo ya kutosha, sikuhitaji ya kununua."

Nikaongeza mwanga. Akaweka mkono usoni. "Unanichoma." Nikaupunguza. "Sasa umezima."

Hapo niliachana na uzuri. Nilikata kingo mpaka ukabaki uso peke yake, kuanzia kidevu hadi nywele, ukijaa skrini nzima. Nyuma nikaweka giza tupu. Nikakaza weusi ukawa mweusi, nikaupa mwanga upande mmoja wa pua na paji la uso, nikaondoa rangi zote zilizokuwa zikimvuta macho. Kwa mpiga picha yeyote ilikuwa picha mbaya, kama ya kitambulisho cha mtu mkorofi. Nikamwambia ageuze kichwa, aitazame kwa pembeni.

Akageuza kichwa. Akakaa. Akasogea mbele mpaka nikahisi joto la shavu lake.

"Subiri," akasema. "Subiri. Hii ni pua ya mzee wangu! Nani amebeba hii pua?"

"Ni Osoro, mama," Mwalimu Nyaboke akasema kwa sauti iliyopasuka. "Kijana wangu."

"Osoro amekuwa na pua yote hii na hakuna mtu ameniambia?"

Wenzangu, nilipiga meza. Nikapiga meza kwa mikono miwili, na Magokoro akapiga magoti yake, na kutoka jikoni watu wakaja kuona kuna nini.

Sasa ilibaki kazi, na kazi yenyewe naijua. Kadi zilikuwa zinaingia kutoka kwa Ontiri moto moto. Nikanakili, nikachuja, nikagawa makundi matatu: waliopigwa ukungu ukiwapo, waliopigwa jua lilipotoka, na wale wa barazani. Mpangilio wa Osoro ulikuwa wa ukungu, nikaubandika kwa wa ukungu. Wa jua nikawatafutia wao, kwa sababu ule wa ukungu uliwaunguza mashavu. Wa barazani walihitaji kuinuliwa kidogo chini ya nyusi, macho yasije yakawa mashimo. Wenye ngozi nyeusi sana niliwapa mwanga wa pembeni zaidi, na wale weupe nikawakaza. Kila kundi uso mmoja kwanza, Magokoro aseme "naona," ndipo wengine wote kwa mpigo. Vidole vyangu vilikuwa vinaruka. Sijui kama nimewahi kuwa mwepesi namna ile kabla au baada. Nyuso zilikuwa zinageuka moja baada ya nyingine, tap, tap, tap, na yeye anazipokea.

"Huyu ananenepa. Huyu ni wa Nyaboke, ona masikio. Huyu alikuwa mtoto mzuri, nini kilimpata? Rudisha huyo. Ndevu! Kwani Evans ana ndevu? Mwambie anyoe. Hapana, wacha. Wacha, zinamkaa."

Kisha yeye mwenyewe akabuni jambo ambalo sikulifikiria. Akataka kila mtu, picha yake ikiwa kwenye skrini, aitwe aingie aseme chochote, ili aupate uso na sauti pamoja. Wakaanza kuingia. Wa kwanza aliingia na aibu, akasema, "Shikamoo, Magokoro." Yeye macho yake pembeni ya skrini, akasema, "Ehe. Sasa nimekushika." Wa tatu na wa nne walikuwa wanasukumana mlangoni. Mpaka adhuhuri sebule ilikuwa na kelele kama uwanja wa mpira, kila mtu anataka kujua Magokoro atasema nini juu ya pua yake.

Wanjiru hakuja. Picha yake ilikuwapo. Ontiri alimpiga kwenye mlango wa jikoni akiwa ameshika sufuria, mdomo wazi kidogo kwa kushtuka. Nilikuwa nimeiruka makusudi, nikaiweka ya mwisho. Nilipoileta, Mwalimu Nyaboke akanigusa bega.

Magokoro akaitazama kwa pembeni. Muda mrefu kuliko zote.

"Huyu simjui," akasema.

Dennis alikuwa amesimama karibu na kabati.

"Mwite," Magokoro akasema.

Dennis akaenda. Tukasikia wanabishana jikoni kwa sauti ya chini. Kisha Wanjiru akaingia, macho yamevimba, akasimama karibu na mlango kama mtu anayejiandaa kutoka.

"Shikamoo, Magokoro," akasema. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha mjini.

"Marahaba. Ongea tena."

"Niseme nini?"

"Sema jina lako."

"Wanjiru."

"Wanjiru," Magokoro akarudia, akilionja. Bado alikuwa anaitazama skrini, wala hakumgeukia yeye. "Mimi sioni, Wanjiru. Hawa wote wananifichia kwa sababu niliwaambia wanifichie. Jana nilikushika mikono na sikujua ni wewe. Ndiyo nikaona aibu nikaingia ndani. Si wewe ulifanya kitu." Akasogeza uso karibu na kioo, na ghafla akapiga kelele. "Ana mwanya! Dennis! Huyu msichana ana mwanya katikati ya meno na wewe umekaa kimya? Kitu kizuri hivi kinaingia nyumbani kwangu na mimi ninafungia mlango!"

Wanjiru alicheka akiwa bado analia, na alipocheka ule mwanya ukaonekana wote. Akavuka sebule, akapiga magoti kando ya kiti. Magokoro akamshika uso kwa mikono miwili, akageuza kichwa pembeni, akamtazama.

"Sasa," akasema, "sasa umeingia."

Jioni jua likiwa bado zuri, akataka wajipange barazani wote, wakubwa kwa wadogo. Alitaka kuwaombea mmoja mmoja kwa majina kabla ya safari. Mwalimu Nyaboke alijaribu kumshika mkono, Magokoro akamsukuma aende huko. Akatembea mbele ya ule mstari akigeuza kichwa pembeni kwa kila mmoja. Osoro. Kerubo. Evans wa ndevu. Pale alipokwama alisema tu, "Ongea," na neno moja likatosha. Kila jina lililotoka sahihi lilishangiliwa kama bao. Watu wazima walikuwa wanarukaruka. Mwanamume mmoja mwenye tai, anayefanya kazi benki, alikuwa anajipanga mara ya pili kwa hila ili aitwe tena, akashikwa.

Mwisho wa mstari Magokoro akasimama, akanyoosha kidole kuelekea Ontiri aliyekuwa anapiga picha haya yote.

"Na yule anayejificha nyuma ya kamera? Nilimwona kwa mashine."

Kumbe Ontiri alikuwa amejipiga mwenyewe asubuhi kujaribu mwanga, nami katika haraka yangu nilikuwa nimemtengeneza pamoja na ukoo.

"Masikio yake si yetu," Magokoro akasema. "Lakini kuja. Mikono ya kuombea bado iko."

Ontiri akainama, akaombewa, akapewa kuku. Ontiri husema alipewa wawili. Alikuwa mmoja, nami ndiye niliyemshikilia miguuni njia nzima mpaka Kisii.

Baada ya Gesima watu waliniletea wazee wao, mmoja baada ya mwingine, na ninyi mnaendelea nao sasa. Msiwape ule mpangilio wa Magokoro moja kwa moja. Kila jicho linaharibika kivyake. Muulize mwenye jicho, na umwache akutukane mpaka mfike.

Nikaendelea kufanya kazi miaka mingine mizuri, na mwaka huu nikaona imetosha. Nataka kulala mchana mvua ikinyesha, nami niko mbali na dirisha lolote.

Siku yangu ya mwisho mlinifanyia sherehe, na Ontiri akapiga picha kama kawaida yake, yaani bila huruma. Nilipoinuka kwenda kwenye kompyuta, Moraa akawahi kiti.

"Leo unakaa pale, Mama Swaleh. Unakula keki."

Nikakaa. Sikuwahi kukaa upande ule wa meza. Moraa akanakili kadi mahali pawili, akaweka mkono kwenye kibodi, akaanza. Mara ya kwanza nilitaka kusema kitu. Mara ya pili nikafungua mdomo. Mara ya tatu nilikuwa nimesahau nilichotaka kusema, kwa sababu yule binti alikuwa anakwenda. Alikuwa anatupa bila kusita, anagawa mwanga kabla sijauona, anaubandika kwa kundi lake na kupita, na nyuso zetu zilikuwa zinafunguka moja baada ya nyingine, kila mtu na rangi yake mwenyewe. Nilisimama bila kujua. Sahani ilikuwa bado mkononi. Kipande cha keki kilikuwa kinateremka upande mmoja.

"Imeisha," Moraa akasema, akageuza kiti.

Nikapiga vigelegele. Sikupanga. Vilitoka vyenyewe, virefu, vya harusini kabisa, mpaka dirisha lile likatetemeka. Wateja waliokuwa chini wakapanda ngazi mbio, wakachungulia mlangoni, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza ni nani anaolewa.

"Hakuna anayeolewa," nikamwambia. "Ni mtu amemaliza kazi."